Somo: Kufuta mabaki ya programu kwenye rejistri ya Windows bila kuua mashine

Swali ni lilelile kila siku: "Mkuu, programu nimeshaiondoa, jina bado lipo kwenye orodha ya programu, nikilibofya linagoma." Naandika mara moja, mwingine akiuliza mtumeni hapa. Rejistri ni hazina ambamo Windows na programu huweka mipangilio yao.

1. Jaribu kwanza kuondoa kwa njia ya kawaida. Kampuni nyingi za antivairasi zina kiondoaji chao maalumu. Anza na hicho.

2. Tengeneza "restore point" (hali ya mfumo iliyohifadhiwa, unairudia mambo yakiharibika). Kama "System Protection" ya diski C imezimwa, iwashe.

3. Windows+R, andika regedit, Enter.

4. Nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall. Usipoiona programu yako humo, chungulia njia hiyohiyo chini ya SOFTWARE\WOW6432Node (za biti 32), kisha HKEY_CURRENT_USER.

5. Hapa tulia. Folda nyingi humo hazina jina la maana, ni namba na herufi ndani ya mabano. Bofya moja, tazama kulia palipoandikwa DisplayName: hapo ndipo utajua ni ya nani. Ukishaipata, bofya kulia, "Export", hifadhi faili la .reg, ndipo ufute. Futa folda hiyo MOJA. Ukiteleza ukafuta Uninstall yenyewe, programu zote zilizoandikwa humo zinapotea kwenye orodha. Na regedit haina kitufe cha kuhifadhi wala Ctrl+Z: ukishakubali kufuta, imekwenda.

Usiguse Services wala Control\Class (humo mna mipangilio ya huduma na draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa) kwa kubahatisha.

6. Funga, fungua orodha upya. Jina halipo.

Dogo_wa_Kariakoo: Mimi nilitafuta jina kwa F3 nikafuta kila kilichotokea. Sasa sauti haitoki.
Mwandishi: Hatua ya 5 uliisoma? Ulifanya Export?
Dogo_wa_Kariakoo: Hapana.
Mwandishi: Basi rudi kwenye restore point. Kama nayo hukutengeneza, weka upya draiva ya sauti uombe Mungu.

Jirani: Mashine itakuwa nyepesi?
Mwandishi: Hapana. Windows haisomi rejistri yote kutafuta kitu kimoja, inakwenda moja kwa moja kwenye njia yake. Hizo programu za "kusafisha rejistri" hata Microsoft haiungi mkono matumizi yake.

Bi_Mkubwa: Nikirudisha lile faili la .reg, vilivyoongezwa baadaye vinafutika?
Mwandishi: Swali zuri, dada yangu. Havifutiki. Faili linachanganya: linarudisha vilivyokuwemo, vipya linaviacha. Ukitaka faili lifute folda, weka alama ya kutoa mwanzoni mwa njia, baada tu ya mabano: [-HKEY_CURRENT_USER\Software\JinaLake]. Mafundi wenye mashine nyingi wanafanya hivyo.
Bi_Mkubwa: Na zinazojiwasha zenyewe mashine ikiwaka?
Mwandishi: Hizo usizifuatie huku. Ctrl+Shift+Esc, "Startup", zima. Ukijuta, unawasha tena.