Kwenye Python, kufuta jina si kufuta data

Wenzangu wa Mtwara na Masasi mnaochakata mauzo ya korosho ya vyama vya msingi kwa Python, kwenye laptopu zenye RAM ya GB 4: ukiandika `del wakulima` ili kuondoa data iliyopewa jina `wakulima`, umefuta jina tu. CPython, ile Python ya kawaida, huhesabu kila data inashikiliwa mara ngapi, na hesabu ikifika 0 ndipo data inaachiliwa, papo hapo. Ni kama gunia ghalani, halitoki maadamu stakabadhi yake iko mkononi mwa mtu. Mara nyingi mshikaji ni kamusi (`dict`) ya akiba uliyoiunda mwanzo wa programu ukaisahau. Huyo mtafute kwanza!

Vitu viwili vinavyoshikana vyenyewe havifiki 0. Vitu hivyo huondolewa na moduli ya `gc`, msafishaji wa Python, tena kwa wakati wake.

Faili kubwa lisome mstari kwa mstari kwa `for`, achana na `readlines()` inayobeba lote kwa mkupuo. Kwenye Linux weka pia ukomo wa kumbukumbu ya programu kwa `resource.setrlimit` na `RLIMIT_AS`: programu ikizidisha, kwa kawaida hupata `MemoryError`, yaani kosa la kukosa kumbukumbu, laptopu haigandi nzima.