Tarumbeta kuukuu la shaba: kulitambua na kulisafisha kabla ya kuliweka kidakani (shubaka la ukutani)

Ukilikuta tarumbeta la beni, ile ngoma ya bendi, katika masanduku ya babu, weka ukwaju mbali. Najua hapa Lamu ndio tunaong'arishia sinia na mabirika ya kahawa, lakini asidi hula shaba, na bati la tarumbeta ni jembamba mno.

Hatua ya 1. Pitisha sumaku. Shaba haivutwi, ikinata mwili mzima, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Springi za valvu (vibonyezo vya vidole) zikinata, si neno. Kisha tazama tundu la kupulizia. Likiwa ubavuni badala ya mwishoni, huenda umeshika siwa, baragumu kubwa la sherehe: usioshe kitu, waone watu wa Makumbusho ya Lamu, wanaoitunza siwa ya shaba ya mji.

Hatua ya 2. Soma maandishi ya mdomo mpana, sauti inapotokea, kwa tochi iliyolazwa ubavu. Boosey & Co. na Hawkes & Son vilikuwa viwanda viwili vya London, vikaungana mwaka 1930. Jina moja peke yake huashiria kabla ya hapo; Boosey & Hawkes ni 1930 au baadaye. Alama ya mshale, mfano wa unyayo wa kuku, ni ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa jeshi. Beni yenyewe iliiga bendi za askari, kwa hiyo usishangae. Piga picha.

Hatua ya 3. Toa kipulizio na valvu. Valvu huwa na namba. Kila moja irudi tunduni mwake. Iliyoganda iache, kwani hili si la kupigwa tena. Osha kwa maji vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa cha pamba. Maji ya moto hubambua vanishi, na ya kisima chenye chumvi usiyatumie hata kusuuzia. Kausha kivulini, ndani na nje.

Hatua ya 4. Ukijani ni kutu. Ukwangue taratibu kwa kijiti cha mti. Madoa ya waridi ni pale zinki ilipotoka ikabaki shaba nyekundu: ukisugua utatoboa. Rangi ya kahawia iache kabisa. Watakaosema halijang'aa, waache waseme.

Hatua ya 5. Vaa glovu, paka nta nyembamba. Chokaa ya kidaka hushika unyevu, basi tandika pamba chini yake. Sufu isitumike, ina salfa inayotia shaba weusi.