Kuchoma nyimbo kwenye CD ili redio ya gari izisome

Magari mengi yanayotembea Kigoma na Tabora yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake za zamani zina tundu la CD, la flashi hakuna. Ukitaka kwaya au dansi humo ndani, utachoma CD. CD inayokataa kusomeka mara nyingi imeharibika kabla hata haijachomwa, pale ulipochagua aina ya diski.

CD ya muziki inasomwa na karibu kila deki. Programu huifumua MP3 na kuiandika upya kama sauti isiyobanwa, takriban MB 10 kwa dakika. Kwa hiyo hesabu dakika, achana na ukubwa wa faili: wimbo wa dakika nne unakula dakika nne, uwe na MB 3 au MB 9. Mwisho ni dakika 80, yaani nyimbo kama 18 hadi 20 hivi. CD ya data hubeba mafaili yalivyo, MB 700, na kwa MP3 za kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) unapata karibu saa 12. Safari ya Kigoma hadi Tabora kupitia Uvinza na Urambo inaitaka hii ya pili, ila redio iwe imeandikwa MP3 usoni. Kama haijaandikwa, choma ya muziki tu.

Nunua CD-R, ile inayoandikwa mara moja tu. CD-RW inafutika, sawa, lakini hurudisha mwanga hafifu na deki nyingi za zamani haziioni kabisa.

Hamishia nyimbo kwenye kompyuta kwanza, usichome moja kwa moja kutoka kwenye simu au flashi. Fungua Windows Media Player, nenda "Burn", chagua "Audio CD", kisha buruta nyimbo kwa mpangilio unaoutaka. Ndani ya "Options" kuna mambo mawili ambayo wengi huyaruka. Kasi: weka ya kati, kwa sababu diski za bei nafuu zikichomwa mbio hutoka na makosa, na redio ya gari haina uvumilivu wa kompyuta. Lingine ni kusawazisha sauti. Bila hiyo wimbo mmoja utanong'ona na unaofuata utakushtua barabarani.

Kwa CD ya data, Windows ikikuuliza utaitumiaje diski, usichague "Like a USB flash drive". Chagua ile ya "CD/DVD player". Ya kwanza itafunguka kwenye kompyuta yako vizuri tu, halafu redio iigomee. Mafaili ya M4A, aina nyingine ya faili la sauti, yageuze kwanza kuwa MP3.

Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ni kamari: umeme ukikatika katikati, CD-R hiyo ni ya kutupa, hairudiwi. Laptopu ichajiwe kabla. Raita ya nje, yaani kichomeo cha CD kinachounganishwa kwa USB, ichomeke kwenye laptopu yenyewe. Ikizima na kuwaka katikati ya kazi, umeme wa USB hauitoshi.

Andika jina upande wa juu wa CD kwa kalamu ya wino isiyo na ncha kali. Tabaka linalobeba muziki liko chini tu ya upande huo wa juu, kwa hiyo mkwaruzo wa pale ni mbaya kuliko wa chini. Usibandike karatasi: joto la gari huibandua, ikabaki ndani ya tundu. Vumbi la kiangazi lifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha.