Jinsi ya kuchagua turubai la ubavuni mwa gari kwa kambi ya usiku mmoja au miwili

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Arusha, Moshi au Nairobi Ijumaa mchana na gari lake, akalala kambini, akarudi Jumapili. Nazungumzia turubai la ubavuni, lile linalofungwa kwenye keria na kukunjwa ndani ya mfuko wake. Wengi huulizia ukubwa kwanza. Kwa safari fupi mimi naulizia muda: mtu mmoja atalitandaza kwa dakika ngapi, na atalikunja kwa dakika ngapi likiwa limelowa? Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza halichelewi. Ukifika kambini saa kumi na moja, turubai la kuhangaika nalo nusu saa litabaki mfukoni.

Hatua ya 1: Anzia kwenye paa

Soma kitabu cha gari uone paa linabeba kilo ngapi gari likiwa linatembea, kisha toa uzito wa keria yenyewe. Kinachobaki ndicho chako. Turubai la kawaida la mita 2 kwa 2.5 huwa na kilo 10 hadi 15. Yale yanayofunguka kama bawa hadi nyuma ya gari hufika kilo 20 na kitu, na uzito wote unaning'inia upande mmoja. Kwenye Land Cruiser yenye keria ya chuma, sawa. Kwenye Noah au RAV4, yaache. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani, maana mawimbi ya barabara ya vumbi kuelekea lango la Naabi, Serengeti, hulegeza kila kitu.

Hatua ya 2: Kitambaa

Pamba iliyochanganywa na poliesta, ya gramu 280 hadi 320 kwa mita ya mraba, ina kivuli kizito na haipigi kelele upepo ukivuma. Lakini hunywa maji, hukauka taratibu, na ukiikunja mbichi huota kuvu. Poliesta yenye utando wa kuzuia maji ni nyepesi, na ukiikung'uta maji mengi yanatoka. Kwa anayelala na kuondoka, nachagua poliesta, hata kama madereva wenzangu wa watalii watabisha. Kwenye lebo tafuta kipimo cha kuzuia maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja: milimita 1,500 zinatosha mvua ya kawaida, ila masika napenda 3,000.

Turubai la bluu la plastiki ni la kufunikia mizigo. Jua hulipasua na pete zake hung'oka. Kama fedha ni kidogo, afadhali fundi anayeshona maturubai ya malori akushonee la kwako, pindo akizikunja mara mbili.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji

Hapa ndipo maturubai mengi hufia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Turubai la mita 2 kwa 2.5 lina mita za mraba 5. Ikinyesha milimita 20, hizo ni lita 100, yaani kilo 100 zikituama katikati. Fito za aluminiamu hazivumilii hilo. Kwa hiyo kila mguu uweze kurefushwa na kufupishwa peke yake, ili kona moja ya mbele ishuke sentimita 30 hivi na maji yapate njia. Dukani, mwombe muuzaji alifungue lote, kisha kandamiza kila mguu kwa nguvu. Mguu ukiteleza, mshukuru muuzaji, uende zako.

Hatua ya 4: Jua na upepo havipatani

Kwetu turubai hufungwa kushoto, upande wa abiria. Mkifika mchana mnahitaji kivuli cha alasiri, na jua la saa kumi huingia chini ya turubai lolote lililo wazi magharibi. Egesha pua ya gari ielekee kusini: kushoto kunakuwa mashariki, na gari lenyewe linazuia jua.

Shida ni kwamba upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki, na sasa umeufungulia mlango. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Ndiyo maana nashauri ununue ukuta mmoja wa kitambaa, unaofungwa kwenye turubai kwa zipu. Kuta za pande zote ni za mtu wa kukaa wiki; kuzifunga tu kunamaliza jioni yako. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na huko adui ni baridi na ukungu. Geuza gari likinge upepo, jua usilijali.

Hatua ya 5: Vigingi

Vile vya waya vinavyokuja na turubai hujikunja. Nyanda za nyasi fupi za Serengeti zina tabaka gumu chini ya udongo wa majivu ya volkano. Mchomeleaji akukatie nondo ya milimita 12, vipande vya sentimita 40, vichwa vikunjwe. Vipigilie kwa mshazari, vichwa vikielekea nje. Pwani, jaza kiroba mchanga, kifunge kamba, ukizike.

Hatua ya 6: Moto

Poliesta huyeyuka, kwa hiyo pika nje ya ukingo. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa mahali palipozungushiwa kuta, hata makaa yakiwa yanakufa: hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua.

Hatua ya 7: Kukunja na kukausha

Kambi za umma za Serengeti hazina uzio, na kamba gizani hunasa miguu ya watu na ya wanyama, kwa hiyo likunje kabla ya kulala. Ukirudi nyumbani, lianike siku hiyohiyo au kesho yake. Likikauka, sugua zipu kwa mshumaa usiowashwa ili iteleze, na kaza nati za keria kabla ya kulirudisha mfukoni.