Kujua Nani Ana Chipu Ngapi: Mwongozo wa Poka ya Mezani

Ukicheza poka kwenye intaneti, kando ya kila jina huandikwa kiasi cha chipu, vile vidude vya duara vya kuchezea dau, alichobaki nacho mtu. Kwenye meza halisi hakuna wa kukuandikia. Mwaka wangu wa kwanza wa mashindano hapa Nairobi, jamaa mmoja aliweka chipu zake zote, nikakadiria ana 12,000, nikamlipia, yaani nikakubali kuweka kiasi sawa na chake, nikiwa na jozi ya tisa. Nyuma ya mnara wake wa chipu nyeusi kulikuwa na chipu moja ya 5,000 ambayo sikuiona. Nikadaiwa 17,000, nikashindwa, nikabaki na makombo.

Msimamizi hakunionea. Kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka, ambazo mashindano mengi hufuata, zinasema anayelipia ndiye mwenye jukumu la kujua dau ni kiasi gani. Ukishalipia umekubali kiasi kamili, hata kama ulitajiwa hesabu yenye kosa. Tangu siku ile nahesabu kabla karata hazijagawiwa. Utaratibu wangu ndio huu.

Hatua ya 1: Kariri thamani ya mnara

Wachezaji wengi hupanga chipu 20 kwa mnara, na mnara huo una urefu wa karibu sentimita 6.6. Kwa hiyo usihesabu chipu moja moja; hesabu minara. Mnara wa chipu za 25 ni 500. Wa 100 ni 2,000. Wa 500 ni 10,000, na wa 1,000 ni 20,000. Rangi hutofautiana kati ya kasino na kasino, basi ziangalie kabla hujaketi. Jizoeze nyumbani: mwambie mtu akupangie minara ya urefu tofauti, itazame kwa sekunde tatu, taja jumla, kisha hesabu uone umekosea kwa kiasi gani. Wiki mbili za zoezi hili zilinifaa kuliko miezi ya kucheza tu.

Hatua ya 2: Panga zako kwanza

Rangi moja, mnara mmoja. Chipu kubwa ziwe mbele, zionekane; hiyo ni kanuni, si adabu tu. Zako zikiwa shaghalabaghala, utapoteza muda kuzihesabu wakati ulipaswa kuwatazama wenzako.

Hatua ya 3: Anza na walio kushoto kwako

Meza ya watu tisa ina wapinzani wanane, na huwezi kuwashika wote kichwani siku ya kwanza. Anza na wawili wa kushoto, kwa sababu mara nyingi wao huamua baada yako na ndio wanaoweza kukuwekea zote ukishapandisha dau. Ukiwazoea hao, ongeza mmoja mmoja.

Tafuta chipu kubwa kwanza. Mtu mwenye mnara kamili wa 100, nusu mnara wa 500 na chipu tatu za 1,000 ana 2,000, jumlisha 5,000, jumlisha 3,000: jumla 10,000. Ukizikosa zile tatu, umepoteza karibu theluthi ya hesabu yake. Ukikosea kwa chipu mbili za 25, hakuna neno.

Hatua ya 4: Geuza kiasi kiwe blaindi

Hapa ndipo hesabu inapokuwa na maana. Blaindi, yaani dau la lazima, zikiwa 200 na 400, yule mwenye 10,000 ana blaindi kubwa 25. Mimi hukumbuka 25, siyo 10,000. Kisha najiuliza kati yetu nani ana chache. Nikiwa na blaindi 60 na yeye 12, hapo tunachezea 12 tu, maana hawezi kunitoa zaidi ya hizo.

Kuna kipimo kingine kinachoitwa M, kwa jina la Paul Magriel, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa backgammon, mchezo wa ubao na dadu. Gawa chipu za mtu kwa jumla ya malipo ya lazima ya kila mgao. Kama ni blaindi za 200 na 400, na anti ya mezani (mchango wa lazima unaolipwa mara moja kwa meza nzima) 400, jumla ni 1,000. Mwenye 10,000 ana M ya 10, yaani anaweza kukaa mizunguko 10 ya meza nzima bila kucheza karata yoyote. M ikishuka chini ya 5, tarajia aweke zote wakati wowote.

Hatua ya 5: Rekebisha, usianze upya

Baada ya kila mgao, ongeza au punguza tu. Amepandisha dau kwa 1,000 kisha akatupa karata? Ana 9,000. Wakati mzuri wa kufanya hivi ni pale ulipotupa zako, muda ambao wengi huupoteza kwenye simu.

Jihadhari baada ya mapumziko. Chipu ndogo zikiondolewa na kubadilishwa kwa kubwa, minara ya watu hufupika ilhali thamani ni ile ile. Hapo hesabu kila mtu upya.

Jua pia wastani. Wameingia watu 60 kwa chipu 20,000 kila mmoja, jumla 1,200,000. Wakibaki 24, wastani ni 50,000.

Hatua ya 6: Uliza

Mtu akishaweka zote na zamu ni yako, mwombe mgawaji karata ahesabu. Usione aibu, na usisukume chipu hata moja kabla hajamaliza. Nawe fuatilia mikono yake huku ukijumlisha mwenyewe.