Namna ya Kuosha Lori la Mchanga bila Kuliharibu

Kabla ya kugusa bomba, acha injini ipoe. Maji ya baridi yakimwagwa juu ya chuma kilichopata moto yanaweza kukipasua, hasa ile sehemu ya ekzosi inayoshikana na injini, na hasara hiyo haifanani kabisa na malipo ya kuosha gari. Muda huo wa kusubiri utumie kufunika altaneta (mtambo unaochaji betri), vichwa vya betri, masanduku ya fyuzi na mdomo wa kuingizia hewa kwa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Anza na chasisi, kwa sababu tope linalorushwa kutoka chini litachafua tena bodi uliyokwisha kuisafisha. Tope lililogandamana na grisi halitoki kwa maji matupu. Lipake sabuni ya kukata mafuta, liache lilowe dakika chache bila kukauka, kisha lisugue kwa brashi ngumu. Vijana wengi hupaka dizeli mahali hapo, nami nawasihi waache, kwani dizeli hulainisha mipira ya bushi na mabomba, na mabaki yake hunasa vumbi siku hiyohiyo.

Kwenye bodi, suuza kwanza tope lote kwa maji kabla ya kuweka sifongo, maana chembe za mchanga zilizobaki huchuna rangi kama msasa. Sabuni ipakwe kutoka chini kwenda juu ili isiache michirizi, lakini kusuuza kuanzie juu.

Mashine ya presha inahitaji heshima. Tumia nozeli inayotawanya maji, uishike umbali wa futi moja au zaidi, na usiielekeze moja kwa moja kwenye sili (mipira inayozuia mafuta kuvuja), beringi wala ubavu wa tairi. Rejeta, yaani kipoza maji ya injini, ioshwe kwa maji mepesi kutoka upande wa feni kwenda nje, kwa sababu uchafu uliingia kwa mbele. Presha kubwa hulaza mapezi yake, yale mabati membamba ya kupitisha hewa, na gari huanza kuchemsha. Maji hayo yakikutoboa ngozi, hata kwa tundu dogo lisilouma, nenda hospitali mara moja, kwa kuwa madhara yake yako ndani. Gambuti, miwani na glavu si pambo.

Usioshee mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na mafuta yanayotoka kwenye chasisi moja huwafikia watu wanaochota maji ya kunywa.

Ukimaliza, toa mifuko, washa injini ijikaushe, na upige grisi kwenye nipo zote (vichuchu vya kuingizia grisi) mpaka grisi mpya itokeze na kusukuma maji nje. Dereva akanyage breki mara kadhaa akiwa mwendo mdogo, kwani breki zilizolowa hazishiki vizuri.

Halafu pita tena chini ya gari na tochi. Niliwahi kuona, karibu na kishikizo cha springi, mstari wa kutu mwembamba kama unywele, ambao tope lilikuwa limeuficha, na kumbe chasisi ilikuwa imeanza kupasuka. Ukiona mstari wa namna hiyo, au tone la mafuta linalorudi baada ya kufutwa, mwoneshe dereva kabla hajaondoka.