Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina la Mahali

Wengi wanaotafuta asili ya jina la mahali humwendea mzee, wakapewa hadithi tamu, na kazi ikaishia hapo. Ni afadhali kuanza na jina lenyewe. Liandike kama wenyeji wanavyolitamka, hata likitofautiana na kibao cha barabarani, kisha ulivunje vipande. Chukua Mikocheni, Dar es Salaam: ondoa -ni ya mahali, rudisha wingi kwenye umoja, nawe utabaki na mkoche, mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake hugawanyika. Mbuyuni na Mwembeni hufunguka vivyo hivyo. Mnazi Mmoja, la Dar es Salaam na la Unguja, halihitaji hata kufunguliwa.

Jina lisipovunjika kwa Kiswahili, usililazimishe, bali uliza ni lugha zipi zilizozungumzwa au kupita hapo. Nairobi ni la Kimaasai, kutoka Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na asiyejua Kimaasai angekesha akitafuta mzizi wake bure. Dodoma huelezwa kwa Kigogo kuwa ni mahali palipodidimia. Dar es Salaam ni Kiarabu, makazi ya amani, jina lililoshika baada ya Sultani Majid bin Said kuanza kujenga mji katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima.

Jina moja likijitokeza katika miji miwili iliyo mbalimbali, tafuta taasisi iliyopita kotekote. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zinatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Masikio ya Waswahili yaliyapokea maneno hayo na kuyapa irabu zake, na leo muuza nyanya sokoni hana sababu ya kuwakumbuka wapagazi hao.

Sasa nenda kwa mzee. Ukishamwamkia, usianze na swali la maana, kwa sababu swali hilo humlazimisha mtu muungwana kutoa jibu hata kama hana. Muulize, "Babu, kabla ya kuitwa hivi, hapa paliitwaje?" na, "Mlipokuwa wadogo, mpaka wake ulikuwa wapi?" Mara nyingi jina la mtaa mzima lilikuwa la kisima au la mti mmoja tu.

Ukipata hadithi mbili, ziandike zote mbili kabla ya kuzipima. Bagamoyo ndiyo mfano mgumu kuliko yote. Wengine husema ni kilio cha watumwa walioiacha mioyo yao ufukweni wasitarajie kurudi. Wengine husema ni wapagazi wa misafara ya bara, waliofika pwani wakatua mizigo na kupumzika. Mimi naegemea upande wa wapagazi, kwa kuwa kubwaga ni kitenzi cha mwenye mzigo na kubwaga moyo ni kutulia, ingawa naona hadithi ya kwanza ndiyo inayopendwa zaidi na waongozaji wa watalii. Hata hivyo, maelezo yote mawili yanadai kwamba bwaga imepoteza w na kuwa baga, kwa hiyo kabla ya kuamua, tafuta katika barua na ramani za zamani jinsi jina hilo lilivyoandikwa, ukinakili kila tahajia pamoja na mwaka wake.